Kiduha kilikuwa wapi miaka yote shamba limelala? Eti mahindi ndo yanakiamsha kwa homoni

nyanda_misungwi
Wakuu habari za jioni, naombeni mnieleweshe kitu. Nalima huku Misungwi, shamba la mzee, lilikaa misimu kadhaa bila kulimwa maana mzee aliumwa na sisi wengine tulikuwa mjini tunahangaika. Muda wote huo ni nyasi tu na ng'ombe wa majirani wanapita, kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, sikuwahi kukiona. Msimu huu nikalilima nikapanda mahindi, mvua ikaja kwa wakati, yakatoka vizuri kabisa, ile yamefika magotini nikaona yanadumaa, majani yanapauka, mchana yananyauka wakati ukichimba kidogo tu udongo una unyevu. Baadae maua ya zambarau hayo hapo yamezunguka mashina. Cha ajabu kule juu palipokuwa na boma la ng'ombe zamani mahindi yana nafuu kubwa, huku bondeni ndo balaa.

Swali langu, hizo mbegu zilikuwa wapi? Jirani anasema zimekuja na mbegu ya dukani, mama mdogo anasema shamba limechezewa. Mi biolojia nilisoma mpaka fomu foo, nakumbuka mbegu inataka maji, hewa na joto basi inaota, sasa vyote hivyo vilikuwepo miaka yote hiyo, mbona hakikuota? Kuna jamaa kanambia mahindi yenyewe yanatoa homoni inayoamsha kiduha. Mmea una homoni kweli au kanipiga kamba?

chizi_maarifa2
Homoni za mahindi 😂😂 kesho utaambiwa mchicha una presha. Sikiliza mama mdogo wako mkuu

bwanashamba_mstaafu
Nyanda, huyo jamaa yako hajakudanganya. Mmea hauna damu wala tezi lakini homoni unazo, ni kemikali kidogo sana zinatengenezwa sehemu moja halafu zinaenda kutoa amri sehemu nyingine. Ngoja nianze na mbegu ya kawaida, kiduha nitakifikia, maana kiduha kimechezea utaratibu huohuo.

Mbegu ikiwa inakomaa kwa mama yake inajaa homoni inaitwa asidi ya absisiki, wataalamu wanaikatisha wanaiita ABA. Kazi yake pale ni kukizuia kiinitete, yaani kile kimmea kichanga ndani ya mbegu, kisianze kukua kabla ya wakati, kiweke akiba, na kiweze kustahimili kukauka. Ndo maana punje ya hindi inakaa kwenye gunzi wiki kadhaa, ina unyevu ina joto ina hewa, vyote ulivyosoma fomu foo vipo na haioti. Kuna mahindi yenye kasoro ya kurithi yasiyoweza kutengeneza ABA, hayo punje zinachipua hukohuko kwenye gunzi mmea ukiwa bado umesimama. Na ABA yenyewe ilipatikana kwenye matunda machanga ya pamba, Marekani, mwaka 1963, kundi la Addicott, kwahiyo nyie watu wa pamba msijione mko mbali na sayansi.

Mpinzani wake ni homoni nyingine, gibarelini. Mbegu iliyokomaa na kukauka ukiilowesha, ABA inaanza kuvunjwa na kiinitete kinatengeneza gibarelini mpya. Ndani ya seli kuna protini zinazozuia kuota, zinaitwa DELLA, gibarelini ikiingia zile protini zinaharibiwa na njia inafunguka. Mbegu inaangalia uwiano wa hizo mbili, ABA ikiwa juu inalala, gibarelini ikiwa juu inaota. Maji na joto vinafanya kazi kwa kupitia huo uwiano, na mwanga pia kwa baadhi ya mbegu, hasa zile ndogondogo za magugu. Ukipalilia unazileta juu, zinaonja mwanga, gibarelini inapanda, wiki ijayo unapalilia tena.

Ushahidi wake wa zamani ni mtamu sana. Unachukua punje ya shayiri unaikata katikati, nusu yenye kiinitete unaitupa, unabaki na nusu yenye wanga peke yake. Ukiilowesha inakaa tu, wanga hauguswi. Ukiongeza gibarelini kidogo kwenye maji yale, wanga unaanza kuyeyuka kuwa sukari ingawa kiinitete hakipo. Mwaka 1960 Yomo wa Japani na Paleg kule Australia walilionyesha hilo kila mtu kivyake. Maana yake ni kwamba kiinitete kinatuma gibarelini kwenye tabaka jembamba linalozunguka wanga, lile tabaka linatoa vimeng'enya, wanga unakuwa sukari, mche unakula. Mama anayelowesha ulezi, anaufunika ukachipua kidogo, anaanika na kusaga kimea cha togwa, anategemea vimeng'enya hivyohivyo. Kwenye shayiri ndo kumechunguzwa zaidi, ulezi na mtama undani wake unatofautiana kidogo lakini sukari ile kwenye togwa inatokea hivo.

Nikapate chai, narudi na kiduha.

chizi_maarifa2
Haya mzee shkamoo, nimekaa kimya nasoma

binti_rufiji
Mzee bwanashamba shikamoo. Hilo la kuchipua kwenye mmea mama sisi huku pwani tunaliona kila siku, mkoko mbegu yake inaota ikiwa bado juu ya mti, unaona mche mrefu wa kijani unaning'inia mpaka udondoke kwenye tope. Ndo ABA hiyohiyo?

bwanashamba_mstaafu
Marahaba wote. Binti ndiyo, kwa mikoko ya aina hiyo vipimo vimeonyesha ABA kwenye kiinitete ni ndogo kuliko kwa miti jamaa zake isiyo na tabia hiyo. Mkoko hauna haja ya mbegu ya kulala, tope la chumvi linalofunikwa na maji mara mbili kwa siku halina msimu wa kungojea.

Sasa kiduha. Mbegu yake hamjaiona vizuri, ni vumbi, urefu wake kama theluthi moja ya milimita, na mmea mmoja unatoa makumi ya maelfu mpaka hata laki mbili. Udogo huo maana yake akiba ya chakula karibu haina. Ikiota na isipate mzizi wa kunyonya ndani ya siku chache imekufa. Kwa mbegu ya namna hiyo kuota kwa sababu tu mvua imenyesha ni kujiua, kwahiyo yenyewe imeweka sharti moja zaidi. Kwanza inataka ilowe kwenye udongo wa joto wiki moja mpaka mbili, hapo inakuwa tayari lakini bado haioti. Halafu inasubiri kemikali kutoka kwenye mzizi ulio hai. Isipoipata inarudi kulala, mwaka kesho inajaribu tena, na inaweza kukaa ardhini hivo miaka 10 na zaidi bado iko hai. Nyanda, mbegu zako zilikuwa palepale chini ya miguu ya hao ng'ombe, kuna uwezekano mkubwa zimebaki tangu mzee wako alipokuwa analima mwenyewe. Duka halihusiki sana, japo mbegu ya kiduha inaweza kusafiri na nafaka chafu, na inawezekana pia kwenye zile nyasi vilikuwepo vichache ukavipita.

Hiyo kemikali ndo strigolaktoni. Ya kwanza kabisa kupatikana iliitwa strigoli, 1966, na ilitoka wapi? Mizizi ya pamba. Pamba tena! Na pamba kiduha hakiwezi kuinyonya, weka hilo akilini tutalirudia. Miaka mingi watu walijiuliza kwa nini mmea utoe kitu cha kumwita adui yake, jibu likaja 2005, Wajapani wakaonyesha strigolaktoni inaita kuvu wazuri wa udongoni, wale wanaoingia kwenye mizizi na kuuletea mmea fosforasi. 2008 ikaonekana pia ndani ya mmea ni homoni halali kabisa, inazuia matawi mengi yasichipue. Kwahiyo mahindi yanawaita kuvu waje kwenye shughuli, kiduha anazamia.

Na kiduha kimejiandaa kwa kuzamia. Mimea ya kawaida ina kipokezi fulani ambacho kwa baadhi yao kinahisi kemikali za moshi, zile zinazofanya mbegu za porini ziote baada ya moto. Kiduha kimechukua kipokezi hicho kikakizidisha nakala na kukigeuza kihisi strigolaktoni, kimoja kinaitwa HTL7 kinaitikia kiwango cha pikomola, yaani sehemu za trilioni ya moli kwenye lita nzima ya maji. Kikishaitikia, mbegu inatengeneza ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi, na inaota bila kungoja gibarelini ipande kama mbegu nyingine. Vile vizuizi nilivyovieleza juu vinarukwa. Mzizi wake mchanga unakwenda milimita chache tu, ukigusa mzizi wa hindi unajishika na kutoboa mpaka kwenye mishipa ya maji. Ulipoona majani yananyauka mchana na udongo una unyevu, kazi ilikuwa imeanza zamani chini, maua ya zambarau ni mwisho wa hadithi.

nyanda_misungwi
Shikamoo mzee, aisee nimesoma mara mbili. Sasa na ile ya boma, kwanini pale juu nafuu? Au mbegu za kiduha pale hazikufika?

bwanashamba_mstaafu
Marahaba mwanangu. Zinaweza kuwepo vilevile. Hindi linatoa strigolaktoni nyingi pale linapokuwa na njaa ya fosforasi, na ya naitrojeni pia, kwa sababu hapo ndo linawahitaji kuvu zaidi. Palipolala ng'ombe miaka mingi udongo umeshiba, mahindi hayana sababu ya kuita sana, na kiduha kinasikia kidogo. Bondeni udongo umechoka, mahindi yanaita, kiduha kinaamka kwa wingi. Wanaosema ardhi imechoka hawakosei hata kama hawajui kemikali yake.

tajiri_mtarajiwa
Wakuu mi nina wazo. Kwenye maduka ya pembejeo kuna unga wa gibarelini, GA3, watu wanalowekea mbegu za papai. Kwanini Nyanda asinunue akapulizia shamba zima kabla ya kupanda, kiduha chote kiote kikose mahindi kife? Si mzee kasema kikiota bila mzizi kinakufa

bwanashamba_mstaafu
Wazo zuri, ila umeshika homoni siyo. GA3 kwa papai inasaidia, ingawa hata papai kwanza uoshe ule utelezi unaozunguka mbegu maana nao unazuia kuota. Viazi mviringo pia wanavitibu hivo vikigoma kuchipua. Kiduha lakini nimekwambia kimejitoa kwenye utegemezi wa gibarelini, utamwaga hela ardhini. Na GA3 usiichezee kwenye nafaka, hii homoni ilijulikana kwa sababu ya ugonjwa wa mpunga Japani, mpunga unarefuka kupita kiasi unakuwa mwembamba unaanguka bila kuzaa, na 1926 Kurosawa akaonyesha ni majimaji yanayotolewa na kuvu ndo yanaurefusha. Hayo majimaji ndani yake kuna gibarelini.

Ukibadilisha homoni ndo wazo lako linafanya kazi. Marekani kiduha chenye maua mekundu kiligundulika majimbo ya Carolina mwaka 1956, wakaingiza ethilini ardhini kwa mitambo ya kufungwa kwenye trekta, mbegu zikaota hakuna mahindi zikafa, wakaunganisha na dawa na karantini wakakipunguza kabisa. Lakini hiyo ni serikali yenye hela, mitungi ya gesi na miaka mingi ya kufuatilia. Nyanda, wewe mkulima mdogo silaha yako ni pamba. Mizizi ya pamba inaita, kiduha kinaota, hakiwezi kujishika, kinakufa. Soya na kunde nazo zinafanya hivo. Msimu mmoja haumalizi, mbegu ni nyingi mno, ila kila msimu wa pamba au soya unapunguza zilizolala, tofauti na kuliacha shamba likae bure ambako zenyewe zinakungoja tu.

Ukitaka nafaka palepale bondeni, ulizia mtama wa Hakika au Wahi. Zilitolewa hapa nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, asili yake ni kazi ya Gebisa Ejeta, Muethiopia wa chuo cha Purdue, Marekani, aliyepata Tuzo ya Chakula Duniani 2009. Ukoo ule wa mtama unatoa kichocheo dhaifu, na mwaka 2017 watafiti wakaona sababu, jeni moja imekatika na aina ya strigolaktoni inayotoka kwenye mzizi ikabadilika, kuvu bado wanaisikia lakini kiduha kinaisikia kwa shida.

jaduong_siaya
Hamjambo ndugu zangu, mimi niko Siaya upande wa Kenya, huku tunaita kayongo na imetutesa kuliko nyinyi bana. Niongezee desmodiamu, mmea wa malisho jamii ya kunde. Hiyo ilianzia Mbita, kwa wale wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, miaka ya 90, walikuwa wanatafuta kufukuza funza wa mashina ya mahindi, wakapanda desmodiamu katikati ya mistari na majani ya nepia pembeni, ndio wakaona kayongo nayo imepungua vibaya sana hata pale mbolea haijaongezwa. Mizizi ya desmodiamu inafanya kazi mbili, kemikali zingine zinaamsha mbegu ya kayongo na zingine zinazuia ule mzizi mchanga usirefuke wala kushika hindi. Na kwa sababu desmodiamu inabaki ardhini mwaka mzima hata mahindi yakivunwa, kazi inaendelea. Ng'ombe wanaila pia, maziwa unayaona. Shida yake ni mwanzo, mbegu ni bei na inakua polepole, ukikosa kupalilia msimu wa kwanza magugu yanaimeza na unasema haifai. Mimi nilipanda vipande vya shina kutoka kwa jirani badala ya mbegu, ikashika.

Kuna pia mbegu ya mahindi iliyopakwa imazapiri, dawa ya kuua magugu, huku imewahi kuuzwa kwa jina la Ua Kayongo, mbegu ya kayongo ikiota ikigusa mzizi inakufa. Inafanya kazi, lakini ukishika hiyo mbegu usiende kushika maharagwe kwa mkono huohuo, osha kwanza, la sivyo maharagwe hayatoki na utalaumu mvua.

chizi_maarifa2
Mi nimenyoosha mikono, mchicha una presha. Ila swali serious mzee, kuna faida kung'oa vilivyoota saa hizi au Nyanda aache tu?

bwanashamba_mstaafu
Ang'oe. Hindi la msimu huu hataliokoa sana, ila kila kimoja anachokiwahi kabla hakijakausha maua ni makumi ya maelfu ya mbegu hazikuanguka. Vyenye maua asiviache pembeni ya shamba, vinaweza kukomaza mbegu hata vikiwa vimeng'olewa, avichome.

nyanda_misungwi
Asanteni sana, mzee Mungu akuweke, na ndugu wa Siaya. Nimeamua bondeni msimu ujao naweka pamba, mahindi yanahamia kule bomani. Moja la mwisho, nimepata mtu ana samadi nyingi ananipa bure nikabebe tu, ila ng'ombe wake wanalishwa mabua ya mashamba haya haya yenye kiduha. Nichukue nimwage bondeni?

jaduong_siaya
Chukua, lakini usimwage mbichi. Mbegu ya kayongo inaweza kupita tumboni mwa ng'ombe na kutoka hai, huku kwetu kuna mashamba yalikuwa safi yakaharibika hivo. Irundike, iloweshe kidogo, ifunike na uigeuze mara kadhaa mpaka joto la ndani lipande na lipoe lenyewe. Ukiingiza mkono katikati ya lundo na kuutoa haraka kwa kuungua, hapo ndo iko kazini.

bwanashamba_mstaafu
Sahihi kabisa. Na anza na kona moja ya bonde kwanza Nyanda, ile yenye maua mengi, usisambaze nyembamba shamba zima ukakosa kote.